Neno moja lililozika makala nzima

Miaka michache iliyopita nilipokea makala ya maoni kutoka kwa mwalimu mstaafu wa Kisauni. Kazi yangu ni kuhariri maoni, hapa Mombasa, na makala kama ile haziji kila wiki. Mzee alikuwa na daftari. Kila siku bomba lake lilipokauka aliandika tarehe. Kila aliponunua maji kwa wenye mikokoteni aliandika mitungi mingapi ya lita 20 na kwa bei gani. Bili zilizokuja kwa maji yasiyotoka alizihifadhi zote. Kisha, kwenye aya ya saba, hasira zikampanda akawaita wahusika wa maji "majambazi".

Niliiacha ile kalima. Nilijiambia huyu ni mtu aliyechoka, na mhariri asimnyang'anye mtu sauti yake. Jibu la wahusika likaja kurasa mbili, na zote mbili zilizungumzia ujambazi: nani kaitwa hivyo, ana miaka mingapi kazini, anaheshimiwa vipi mtaani kwao. Maji hayakutajwa hata mara moja. Neno lile liliwapa mlango wa kutokea, na mimi ndiye niliyeuacha wazi.

Nikisema makala ya maoni yataka lugha rasmi, wengi hudhani nataka maneno mazito. Huniletea makala zinazoanza na "katika juhudi za kuhakikisha kwamba wadau wote wanahusishwa ipasavyo". Lugha ya namna hiyo pia naifuta, kwa kuwa haisemi kitu. Ninachotaka ni mwandishi amwandikie yule anayempinga, tena kwa namna ambayo mtu huyo atasoma mpaka mstari wa mwisho. Anayekubaliana nawe atakusamehe matusi yako, huenda hata akayasambaza. Unayetaka kumgeuza fikira ataondoka pale pale anapojiona katukanwa, na hutampata tena.

Mji huu una darasa la zamani la jambo hili. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga wakati Mombasa, chini ya ukoo wa Wamazrui, ikivutana na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na mashairi yake yana ukali wa kutosha. Lakini ukali huo ulipitia kwenye shairi la mishororo 4, kila mshororo mizani 16, vina vimetulia mahali pake. Na katika malumbano yetu, anayejibu huifuata bahari, yaani umbo la shairi, ya aliyeanza, mara nyingi na vina vyake. Maana yake ni kwamba kabla hujamrudishia mwenzako, lazima umsome vizuri, umhesabie mizani, ujue kasema nini na kaishia wapi. Siku hizi napokea majibu ya watu ambao ni wazi walisoma kichwa cha makala tu.

Miaka karibu mia baadaye, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapahapa, mwaka 1932. Aliwakemea Waislamu wenzake wa Pwani kwa kubaki nyuma kielimu, yaani aliwakosoa wasomaji wake mwenyewe. Kazi hiyo haifanyiki kwa lugha ya ovyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi. "Meneja amekula pesa" si maoni. Ni dai kwamba kuna kitu kilitendeka, na ukishtakiwa kwa kashfa utatakiwa uthibitishe. "Naona meneja hafai kuendelea, kwa kuwa hesabu za mwaka jana hajazitoa" ni maoni, na chini yake pana jambo ambalo yeyote anaweza kulikagua. Sheria ya kashfa ya Kenya hulinda maoni ya haki kuhusu mambo ya umma, mradi msingi wake uwe wa kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza, na kifungu hichohicho kinatudai tuheshimu haki na sifa za wengine.

Kiswahili kimetupa vyombo vya kutenganisha haya, nasi hatuvitumii. Naona, nadhani, naamini, nashuku, najua: kila kitenzi kina uzito wake. Ukiandika "najua", nitakupigia simu nikuulize umejuaje. Ukiandika "nashuku", nitakuuliza dalili. Ukiandika "inasemekana", nitakurudishia makala, maana hapo umejificha nyuma ya watu wasio na majina. Hata kauli ya kutendwa huficha watu. "Pesa zililiwa": na nani? Kama humjui, andika kwamba hujui, na useme ni ofisi gani inayopaswa kujua. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko tusi lolote, kwa sababu inadai jibu.

Kuhusu lahaja, naulizwa sana. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mjini humu humu, na wapo Wamvita, wenyeji wa Mombasa wenye lahaja yao ya Kimvita, ambao jambo hilo linawauma mpaka leo. Nawaelewa. "Ndia" na "mato" nayaacha yakae kwenye methali, kwenye maneno ya mtu aliyenukuliwa, na popote yanapobeba ladha ambayo "njia" na "macho" hayana. Kwenye hoja yenyewe naomba sanifu, ili msomaji wa Bungoma au Mwanza asijikwae njiani. Lakini atakayeniletea makala inayokiita Kimvita lugha mbovu, sitaipitisha.

Mwalimu wa Kisauni nilimfuata nyumbani kwake kumwomba radhi. Tulikaa barazani na lile daftari, tukaandika upya. Neno la hasira hakulirudia. Mahali pake aliweka siku alizokaa bila maji, na chini yake bili ya mwezi huohuo. Wahusika walijibu tena, safari hii ukurasa mmoja, na wote ulihusu maji. Mzee hakuridhika na maelezo yao, wala mimi. Makala yake ya tatu iko mezani kwangu, na tarehe zake nimeshaanza kuzikagua.