Maji, usaha na hewa: jamaa wa TB wanapofika kwenye pleura

Mtu akikohoa miezi miwili kwenye komuni ya Katuba au ya Kenya, hapa Lubumbashi, jirani anasema TBC, yaani kifua kikuu. Mara nyingi hakosei. Ila mikobakteria, vijidudu ambavyo cha TB ni kimojawapo, ni ukoo mpana, wenye spishi zaidi ya 150, na wengi wao hawaleti kifua kikuu wala ukoma. Hao ndio mikobakteria wasio wa kifua kikuu. Wanaishi majini na udongoni, na kwa kawaida mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Huwapata zaidi wenye mapafu yaliyokwisha kuumia: aliyewahi kuugua TB, au mzee aliyevuta vumbi la mgodi miaka mingi.

Chini ya darubini wanashika rangi ileile ya kijidudu cha TB, basi karatasi inaandikwa BK+, yaani kijidudu cha TB kimeonekana, na mzee anaambiwa TB imerudi. Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya TB peke yake. Darubini ikiona vijidudu na mashine isivione, daktari awafikirie jamaa hawa. Kuthibitisha kunahitaji kuotesha makohozi, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu kijidudu cha majini kinaweza kuingia kwenye kikopo bila kuwa ndicho kinachomfanya mtu augue.

Sasa pleura. Ni utando wa tabaka mbili, moja limegandana na pafu, jingine limetandika kuta za kifua, na katikati kuna majimaji kidogo sana ya kulainisha. Watu husema “maji ya mapafu”, lakini maji yenyewe hukaa hapo katikati, nje ya pafu. Ugonjwa huu haufiki pleura mara nyingi. Ukifika, huweza kujaza maji, na maji hayo hufanana mno na ya TB, yamejaa chembe nyeupe aina ya limfosaiti. Au hujaza usaha.

Kinachonitia hofu zaidi ni hewa. Pafu likiwa na shimo karibu na ukingo, shimo hilo huweza kupasuka, hewa ikavuja na pafu likasinyaa. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kukosa pumzi ni ya kupelekwa hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Wataweka mpira wa kutoa hewa. Kwa mtu mzima wa afya tundu huziba upesi. Kwa pafu lililochakaa huenda likavuja wiki nyingi, hewa ikarudi tena, na usaha ukaingia kupitia tundu hilohilo. Hapo ndipo wengi hudhoofika na wengine hufa. Upasuaji ungesaidia, ila mara nyingi pafu lililobaki halitoshi kuuvumilia.

Dawa nazo hutegemea spishi. Kwa Mycobacterium avium, mmoja wa jamaa hawa, huunganishwa azithromisini, ethambutoli na rifampisini, hadi makohozi yawe yamekaa safi miezi 12. Isoniazidi, nguzo ya tiba ya TB, haimsaidii mgonjwa huyu. Ndiyo maana jina kamili la kijidudu linapaswa kujulikana kabla ya kumrudishia mzee vidonge vilevile vya mwaka uliopita.