Sonona hutibika hata kijijini

Imani kwamba maradhi ya akili hutibiwa Butabika pekee imedumu Uganda kwa miaka mingi, na chanzo chake kinaeleweka: hospitali hiyo ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo hospitali kuu ya taifa ya maradhi hayo. Kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, hata hivyo, imani hiyo si sahihi.

Katika utafiti uliofanyika kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, wenyeji wasio waganga wala wauguzi, waliofunzwa kwa wiki mbili tu, waliongoza vikundi vya mazungumzo kila wiki kwa wiki 16, wanawake wakikutana peke yao na wanaume peke yao. Mshiriki alisaidiwa kutambua jambo lililoamsha huzuni yake, kama vile kufiwa, ugomvi wa nyumbani au badiliko kubwa la maisha, kisha kikundi kikamsaidia kutafuta hatua ya kuchukua. Mwishoni, asilimia 6.5 tu ya waliomaliza vikao ndio waliobaki na sonona, dhidi ya asilimia 54.7 katika vijiji visivyopewa vikundi. Inasikitisha kwamba matokeo ya wazi kiasi hiki, yaliyopatikana hapa hapa kwetu, bado hayajulikani na wengi.

Butabika haikosi kazi kwa sababu hiyo. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayefikiria kujiua, apelekwe haraka kwa mhudumu wa afya.