Spea kukaa stoo miaka 2 bila kuguswa sio sababu ya kuiuza

Kitu kinachoniuma kwenye hii kazi ya kupanga stoki za spea ni pale mtu wa hesabu anapoleta ripoti, anaonyesha vitu havijatoka stoo miaka 2, anasema hiyo hela imelala tu, uzeni. Mi huwa namuuliza swali moja: hiki kikikosekana siku kinatakiwa, mtambo unasimama kwa muda gani? Kama jibu ni wiki 6 mpaka oda ifike, basi kile kipande hakijalala, kiko kazini muda wote.

Spea haitoki kama sabuni. Beringi ya pampu kubwa inaweza ikaombwa mara 1, ikakaa kimya miezi 9, halafu ndani ya wiki moja zikatakiwa 2. Ukipiga wastani unapata kama beringi 0.3 kwa mwezi, namba ambayo haikusaidii kuamua chochote. Croston, mtafiti wa hesabu za stoki, aliliona hili mwaka 1972 akapendekeza tukadirie vitu viwili tofauti, inaombwa kila baada ya muda gani, na ikiombwa ni vipande vingapi.

Kwa spea ghali zinazotoka polepole sera ni rahisi tu, ikitoka 1 unaagiza 1. Kazi iko kwenye kuamua uweke ngapi na uziweke wapi, na hapa ndo hela nyingi inapopotea. Chukua vituo 5, kila kimoja kwa muda wa kusubiri oda kinatarajia kuomba nusu kipande kwa wastani, na maombi yanakuja kwa kubahatisha. Kila kituo kikijiwekea 2, uwezekano wa kutopungukiwa ni kama asilimia 98.6, jumla vipande 10. Sasa ziweke zote stoo kuu moja, wastani wa pamoja unakuwa 2.5, na ukiweka vipande 6 tu unapata asilimia ileile 98.6. Vinne umevipunguza hivihivi, kwa sababu ni nadra vituo vyote kuharibikiwa kwa pamoja.

Ila usikimbilie kuhamisha kila kitu, manake stoo kuu ina maana kama usafiri unawahi. Kama mtambo hauwezi kusubiri masaa 10 ya gari njiani, kile kipande kikae pale pale kwenye mtambo, hasa kikiwa cha bei ndogo. Oringi, fyuzi na mikanda iko kwenye kundi hili, kuibania ni kujitafutia hasara bure.

Spea ambazo zikiharibika zinatengenezwa karakana zikarudi stoo zina hesabu yake. Mwaka 1968 Sherbrooke, mtafiti mwingine wa stoki, alitoa modeli aliyoifanya kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani, na badala ya kuangalia kila stoo peke yake akauliza, hela hii nikiigawa kati ya stoo kuu na vituo, wapi itapunguza zaidi maombi yanayosubiri huko vituoni? Mara nyingi jibu sio kununua zaidi, ni kufupisha muda kifaa kinachokaa karakana, na hilo wengi hawalipimi kabisa.

Halafu kuna hali ya kitu chenyewe. Niliwahi kwenda kuhesabu stoo moja, mfumo unasema sili za pampu zipo 4, nikazitoa kwenye mfuko nikazibonyeza kwa kidole gumba, zote zikapasuka nyufa nyufa pembeni, raba imeshakauka. Yaani kwenye mfumo 4, kwenye rafu 0, na kila uamuzi wa kutoagiza ulitegemea hiyo 4. Tangu siku ile kila spea ya raba inawekewa lebo ya tarehe, iliyotengenezwa zamani ndo inatoka kwanza, na mota za akiba kuna mtu wa kuzizungusha shafti kwa mkono kila mwezi ili beringi zisibebe uzito sehemu ileile miaka yote.