P0705: swichi ya gia inasingiziwa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniletea Toyota IST ya 2004, gia otomatiki, pamoja na mfuko wa plastiki wenye swichi mbili za gia. "Fundi, ya tatu ndiyo iko kwenye gari," akaniambia, "na taa bado inawaka." Taa ya injini, alimaanisha. Mashine ya kupimia ilikuwa imetoa msimbo wa hitilafu P0705 mara zote, na kila aliyeisoma alimpa jibu lilelile: sensa ya gia, yaani hiyo swichi, imekufa, kanunue nyingine.

Hapo ndipo ninapokorofishana na wenzangu. P0705 haisemi swichi imekufa. Inasema kompyuta haielewi gia iko wapi, basi. Ama haioni ishara yoyote, ama inaziona mbili kwa mpigo, tuseme P (ya kuegesha) na R (ya rivasi) pamoja. Na ishara hiyo ina safari: fyuzi, waya, soketi, swichi, waya tena, ndipo ifike kwenye kompyuta.

Kwenye Toyota za umri huo swichi imekaa ubavuni mwa giaboksi, kwenye shafti inayozungushwa na kebo ya gia. Ndani yake kuna kazi mbili zisizochanganyika. Moja ni kuiruhusu starta ipige pale tu gia ikiwa P au N (gia huru). Nyingine ni kupokea umeme kwa waya mmoja na kuugawa kulingana na gia ilipo: P, R, N, D, 2, L. Umeme unaotokea R ndio huohuo unaowasha taa za rivasi.

Kwa hiyo sikuanza na mashine. Nilivuta breki ya mkono, nikazuia matairi kwa mawe, nikajaribu kwa mkono. Starta ilipiga P, ikapiga N, ikagoma D (ya kwenda mbele). Maana yake swichi imekaa mahali pake na kebo haijalegea. Ingekuwa imehama, starta ingeanza kusumbua hapohapo. Nikaweka R: taa za rivasi giza. Nikatazama dashibodi: hakuna herufi hata moja ya gia, kuanzia P mpaka L. Sasa niambie, swichi inakufaje njia zote sita siku moja, halafu ile ya starta ibaki nzima? Tena swichi tatu mfululizo! Kitu kinachozihusu zote sita ni kimoja tu, ule waya unaoleta umeme.

Fyuzi nilikuta nzima. Nikachomoa soketi na kupima: volti 12.3. Nadhani hapa ndipo waliotangulia walipopotea. Waliona volti 12, wakasema umeme upo, basi mbaya ni swichi. Lakini mita hainyonyi umeme wa maana. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utaionyesha volti 12 bila aibu. Mimi hutumia balbu ya wati 21, ambayo hunyonya karibu ampea 1.75. Nikaiunga kati ya waya ule na hasi ya betri. Ikawa nyekundu kama kaa linalozimika, na mita ikaporomoka hadi volti 4. Angalizo: balbu hiyo ni ya waya wa kuleta umeme peke yake. Ukiigusisha kwenye waya za kwenda kwenye kompyuta unaweza kuiunguza kompyuta yenyewe, na bei yake siyo ya swichi.

Nikaufuata waya kwa vidole mpaka chini ya sahani ya betri. Hapo fungu la waya lilikuwa likisuguana na chuma, plastiki imechunika, na maji ya kuoshea injini pamoja na asidi ya betri vimeingia. Shaba yote imegeuka unga wa kijani. Nilikata mpaka nikapata shaba inayong'aa, nikaunga kipande kipya kwa risasi, nikakivisha mpira, nikalifunga fungu mbali na chuma. Herufi P ikawaka. Nikafuta msimbo kwenye kompyuta, tukazunguka na gari nusu saa, P0705 haikurudi.

Si kila mara ni waya. Gari likitoka kushushwa giaboksi, mimi hushuku kwanza mkao wa swichi: inafungwa kwa bolti mbili zenye nafasi ya kuchezea, na alama zake hulinganishwa gia ikiwa N. Ikikosekana herufi moja tu, hapo naanza kuitazama swichi kwa jicho baya. Ila wale wanaounganisha waya za starta moja kwa moja "ili gari liwake", hapana. Gari litawaka likiwa D, na mbele yake kunaweza kuwa na mtoto. Kazi hiyo siifanyi hata nikilipwa mara mbili.

Zile swichi mbili za kwenye mfuko nilizipima juu ya meza. Moja, iliyokuja na gari kutoka Japani, ilikuwa nzima njia zote.