Othello hakuzaliwa na wivu
Wengi husema Othello, jemadari wa Shakespeare katika tamthilia iliyochezwa kasri la Whitehall, London, mwaka 1604, aliponzwa na wivu wa asili. Sivyo. Mwanzoni anamwamini mkewe, Desdemona, kiasi cha kushangaza. Mtazame Iago, ofisa wake mwenye hila, kazini katika tendo la tatu: Cassio, msaidizi wa Othello, anaachana na Desdemona na kuondoka, naye Iago ananong'ona tu kwamba hapendi anachokiona. Akiulizwa, anajifanya hakusema kitu. Othello anaanza kuyajaza mapengo mwenyewe. Baadaye leso ya Desdemona iliyookotwa na Emilia, mke wa Iago, inageuzwa ushahidi kwamba Desdemona anamsaliti na Cassio. Ila tusimtakase jemadari (wapo wanaomtakasa!): angeweza kumkabili Cassio ana kwa ana na kumsikiliza mkewe. Akachagua kumsadiki Iago.