Tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi: kwa nini huyu hupewa moja na yule mbili

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Estrojeni, homoni ya kike, inapopungua mwilini ndipo huja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatikakatika na ukavu ukeni. Tiba ya homoni hurudisha kiasi cha estrojeni hiyo, kwa kidonge, jeli au kibandiko cha kubandika kwenye ngozi.

Lakini estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani wa kizazi. Mwaka 1975 tafiti za Marekani ziliihusisha na saratani ya utando huo. Ndiyo maana mwenye kizazi huongezewa homoni ya pili, projesteroni, inayouzuia utando usinenepe. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hutoshwa na estrojeni tu.

Projesteroni asilia ya kumeza hutolewa mara nyingi miligramu 100 kila usiku, au miligramu 200 kwa siku 12 hivi za kila mwezi kwa ambaye hedhi yake haijakoma kabisa. Humezwa wakati wa kulala kwa kuwa inasinzisha. Kosa baya hutokea hapa: mtu anachoshwa na vidonge, anaviacha, anabaki na kibandiko. Joto limetulia, anajiona mzima, kumbe utando unanenepa kimyakimya.

Kibandiko (vingi hubadilishwa mara 2 kwa wiki) huwekwa chini ya kiuno, kwenye ngozi safi na kavu, kamwe si kwenye titi. Aliyejipaka mafuta ya nazi asishangae kikibanduka. Estrojeni ya kupitia ngozi haipitii kwanza kwenye ini, hivyo kwa dozi za kawaida haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge.

Hofu kubwa ilianza mwaka 2002, utafiti wa Marekani wa vidonge vya homoni mbili uliposimamishwa: saratani ya matiti ilikuwa 38 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 30 kwa wasiotumia. Hatari hiyo ipo, ila wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa aliye chini ya miaka 60 na anayeteseka, faida mara nyingi huzidi.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo kwa kawaida hapewi. Matone ya damu miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ni kawaida. Yakiendelea, kizazi kipimwe. Na dawa hizi hazizuii mimba.