Signal umeweka, ila chanzo umemsevu "Mhasibu Halmashauri"

Kuna zoezi napenda kulifanya kila nikipewa darasa la waandishi au watafiti, kabla hata projekta haijawashwa. Nawaambia toeni simu, fungueni majina, tafuteni neno "chanzo", yaani mtu anayekupa habari kwa siri. Utasikia vicheko viwili vitatu halafu kimya. Mara ya mwisho ilikuwa Mwanza, dada mmoja mstari wa mbele amesevu namba "Chanzo Mhasibu Halmashauri", na huyo huyo asubuhi kwenye chai alishaniambia yeye mambo ya usalama kamaliza, anatumia Signal, ile app ya meseji ambayo mtu wa katikati hawezi kuzisoma. Nikamuuliza, hapo halmashauri wahasibu wako wangapi? Akahesabu kwa vidole. "Wanne." Sasa mtu akiishika hiyo simu nusu dakika tu, hizo meseji atazisoma za nini tena?

Wengi wanakuja darasani na hofu moja, Pegasus, ile programu ya kijasusi inayoingia kwenye simu kwa mbali. Na siwacheki, Pegasus ipo kweli, 2021 uchunguzi wa Amnesty, shirika la haki za binadamu, ulikuta simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, yule mkosoaji wa serikali ya Rwanda, imeingiliwa na kitu hicho hicho. Ila ni silaha ya bei, haimwagwi kwa kila mtu. Hao ninaowasaidia mimi karibu wote wameponzwa na vitu vya kawaida kabisa, yaani simu iliyoachwa mezani, bakapu ya WhatsApp ambayo haina kufuli, WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini mwaka juzi na mpaka leo iko hewani (nenda sasa hivi kwenye vifaa vilivyounganishwa uangalie, nakusubiri).

Angalia ya Nairobi. Mwezi wa 5 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa, vifaa vyao vikachukuliwa na polisi, vikarudi Julai. Citizen Lab, wale wa Chuo Kikuu cha Toronto, walipokuja kuzichunguza simu wakakuta kuna FlexiSPY, na wakasema iliwekwa kipindi simu ziko mikononi mwa polisi. Sasa FlexiSPY sio Pegasus jamani, hiyo ni programu inauzwa mtandaoni, yeyote mwenye hela ananunua, na ili iingie lazima mtu aishike simu yako kwa mkono wake. Ikishaingia inasikiliza simu, inasoma meseji, inajua ulipo. Signal haikusaidii hapo, maana mwenzio anasoma kioo kile kile unachosoma wewe.

Ndo maana siku hizi muda mwingi nautumia kwenye kitu ambacho watu wanaona cha kitoto, kuzima simu. Sio kufunga skrini, kuzima. Simu za sasa ukizizima zikawashwa tena, kabla hujaweka PIN ya kwanza, vitu vilivyomo bado vimefungwa na ufunguo haujatoka. Ukishaifungua mara moja tu, hata ukibonyeza kile kitufe cha pembeni skrini ikawa nyeusi, ufunguo unabaki humo ndani umekaa, na zile mashine za kuchimba data kwenye simu zinapata pa kuanzia. Kwa hiyo ukiitwa kituoni, au unakaribia mpaka, au kizuizi ambacho roho inakataa, zima. PIN iwe ndefu, sita kwenda juu, na sio mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Alama ya kidole toa kwa muda, kidole chako mtu anaweza kukishika akakibandika.

Na ikirudishwa baada ya wiki tatu? Usifurahi ukaanza kuchaji. Tafuta simu nyingine, badilisha pasiwedi zote ukiwa kwenye hiyo nyingine, halafu ya zamani mpelekee mtu anayejua kuichunguza kabla hujaifuta, maana ukiifuta umefuta na ushahidi.

Kitu kingine kinachosumbua kueleza ni bahasha. Barua unaweza kuifunga vizuri kabisa ila nje ya bahasha pameandikwa nani kamtumia nani, saa ngapi. Simu ya kawaida ndo hivyo hivyo, kampuni ya simu haina haja ya kusikia mlichoongea, ina namba mbili, dakika ngapi, na minara iliyowashika. Kwetu Tanzania laini imesajiliwa kwa alama ya kidole, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, kwa hiyo ile hadithi ya "nina laini ya pembeni" sahau. Hapo Signal inasaidia kweli, 2016 mahakama ya Marekani iliwadai taarifa za mtumiaji wakawa na vitu viwili tu vya kutoa, lini alijiunga na lini aliingia mara ya mwisho. Ila ukianza na kupiga kawaida "shikamoo mzee, nakutumia kitu Signal", bahasha umeshaiandika.

Watafiti nyie ndo mnanitisha zaidi. Mwandishi ana chanzo mmoja, wewe una kaya mia nne kwenye Excel, fomu ya KoboToolbox, ile programu ya kukusanyia data, imechukua na GPS ya kila mlango, na faili limekaa kwenye fleshi bila nywila. Unaniambia "nimefuta majina". Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alishaonyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na postikodi vinatosha kumtambua mtu mmoja mmoja, asilimia 87 ya Wamarekani. Sasa kijijini hata tarehe haihitajiki, andika "mjane, 52, mwalimu mstaafu, anafuga nguruwe" halafu taja kata, bodaboda wa kwanza atakupeleka mpaka mlangoni. Umri weka kwa makundi, GPS toa mapema kabla faili halijazunguka kwenye imeili, sauti za mahojiano zisikae kwenye simu unayoendea sokoni. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kufanya kazi toka Mei 2023, hizo data ni jukumu lako kisheria, sio maadili tu.

Yule dada wa Mwanza alinitafuta baada ya wiki, kafurahi kweli, kambadilisha mhasibu jina, sasa hivi anaitwa "Fundi Majiko". Akanitumia na skrinshoti nione, WhatsApp. Namba nzima ya mhasibu iko hapo chini ya jina.